Mkataba wa Jackie Robinson: Kwa Nini Karatasi Iliyokwisha Kazi Huwa Mali

Katika somo la Historia muhula huu tulikuwa tukizungumza juu ya hati za kale, na mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu akaniuliza swali ambalo halikupata jibu kamili kabla ya kengele kulia. Alikuwa amesoma kwamba huko Marekani mikataba ya wachezaji waliokufa zamani hununuliwa kwa fedha zinazopita thamani ya nyumba. Akataka kujua mkataba uliokwisha muda wake unamfaa nini mtu anayeununua. Mhariri wa gazeti letu aliponiomba makala niliona heri nilijibu swali hilo kwa urefu, ili wenzake wapate kufaidika, na wazazi pia.

Nitaanza na mchezo wenyewe, kwa kuwa wengi wetu hatujauona ukichezwa. Besiboli ni mchezo wa Wamarekani, nao una udugu na kriketi. Timu mbili za watu tisa tisa hupokezana zamu. Mtu mmoja hutupa mpira mdogo mgumu. Mwingine wa upande wa pili huupiga kwa gongo la mti, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Akifika salama kituo cha mwisho, timu yake hupata alama moja. Tangu karne ya 19 mchezo huu umekuwa kazi ya mshahara, na palipo na mshahara hapakosi mkataba.

Katika miaka ninayoieleza, mkataba wa mchezaji wa ligi kuu ulikuwa fomu iliyokwisha chapishwa, ya namna moja kwa wachezaji wote. Karani alijaza kwa taipu jina la klabu, jina la mchezaji, mwaka, na mshahara. Chini kabisa walitia sahihi mchezaji na mkubwa wa klabu. Zilifanywa nakala chache tu: ya klabu, ya mchezaji, na ya ofisi ya ligi. Kwa hiyo hata mchezaji aliyesifika nchi nzima, kila mwaka aliacha nyuma yake karatasi mbili tatu tu za namna hiyo, na nyingine katika hizo zilitupwa pamoja na takataka za ofisi.

Ndani ya fomu hiyo mlikuwa na sharti moja ambalo yampasa msomaji alikumbuke, maana nitalirudia mbele. Sharti hilo liliipa klabu haki ya kuufanya upya mkataba kwa mwaka unaofuata, hata kama mchezaji hakukubali. Wenye klabu walilifasiri kwamba haki hiyo haina mwisho, mwaka huzaa mwaka. Mchezaji hakuweza kwenda kucheza kwingine kwa hiari yake. Lakini klabu iliweza kumwuza, au kumbadilisha kwa mchezaji mwingine, bila ya kumwuliza neno.

Sasa tuje kwa Jackie Robinson. Alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika mji wa Cairo, jimbo la Georgia, akakulia California. Alisoma katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, na huko alicheza michezo minne kwa sifa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa ofisa wa jeshi. Mwaka 1944 aliamriwa ahamie nyuma ya basi la jeshi kwa sababu ya rangi yake, akakataa. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na mahakama ikamwona hana hatia.

Alipotoka jeshini akaingia timu ya Kansas City Monarchs, mojawapo ya timu za watu weusi, kwa mshahara wa dola 400 kwa mwezi. Wamarekani weusi walikuwa na ligi zao wenyewe, kwa kuwa ligi kuu zilikuwa za weupe tu. Tangu mwaka 1884, Moses Fleetwood Walker alipoichezea Toledo, hakuna mtu aliyejulikana kuwa mweusi aliyeajiriwa na timu ya ligi kuu.

Hapa yafaa tutue kidogo. Ubaguzi huo haukuandikwa katika kanuni za ligi kuu. Mwaka 1942 kamishna wa mchezo, Jaji Landis, alitangaza hadharani kwamba hakuna kanuni yoyote inayowakataza weusi. Alisema kweli kwa upande wa karatasi, na hata hivyo hakuna mweusi aliyepewa kazi. Yalikuwa mapatano ya kimya kati ya wenye klabu. Neno lililoandikwa mtu huweza kulisoma, kulipinga, na kulipeleka mbele ya hakimu. Lisiloandikwa kila mtu hulikana, na bado linafanya kazi.

Tarehe 28 Agosti 1945 Robinson aliitwa kwa Branch Rickey, mkuu wa klabu ya Brooklyn Dodgers. Kwa muda wa saa kama tatu Rickey alimweleza matusi na maudhi yatakayomkuta, akamtaka aahidi kwamba hatalipiza. Robinson akakubali. Tarehe 23 Oktoba 1945, mjini Montreal nchini Kanada, mbele ya waandishi wa magazeti, alitia sahihi mkataba wa kuichezea Montreal Royals, timu ndogo iliyokuwa chini ya Brooklyn. Alipewa dola 3,500 kwa kutia sahihi, na mshahara wa dola 600 kwa mwezi.

Je, Kansas City Monarchs, waliokuwa na mchezaji huyu, walilipwa nini? Hawakulipwa hata senti moja. Rickey alishika neno kwamba Robinson hakuwa na mkataba ulioandikwa na timu ile. Wenye timu walinung'unika, lakini mikononi mwao hamkuwa na karatasi ya kutosha kumshinda, wakaliacha jambo lile lipite. Miaka miwili baadaye, Larry Doby alipotoka Newark Eagles kwenda Cleveland, timu yake ya zamani ililipwa. Hivyo sahihi ile ya Montreal iliufungua mlango kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ikaonyesha jinsi ilivyo hasara kuajiriana kwa maneno ya mdomo.

Mwaka 1946 Robinson aliongoza ligi yake kwa upigaji, na Montreal ikachukua ubingwa. Mkataba wa pili, ule wa Brooklyn Dodgers wenyewe, una tarehe ya 11 Aprili 1947. Mshahara uliotajwa ndani yake ni dola 5,000 kwa mwaka. Siku nne baadaye, tarehe 15 Aprili 1947, aliingia uwanjani Ebbets Field, na mapatano ya kimya ya miaka zaidi ya 60 yakavunjika mbele ya macho ya watu.

Matusi yalikuja kama alivyoambiwa, na barua za vitisho pia. Robinson alivumilia na kucheza. Mwaka ule ule wa 1947 alipewa tuzo ya mchezaji mpya bora, na mwaka 1949 akatajwa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka 1955 Brooklyn walipata ubingwa wa nchi kwa mara ya kwanza naye akiwamo. Mwaka 1962 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1972. Mwaka 1997 namba yake ya jezi, 42, iliondolewa katika timu zote za ligi kuu, asiivae tena mchezaji mpya yeyote.

Basi tuiangalie karatasi ile ya 1947 kama ilivyo. Dola 5,000 zimekwisha lipwa na kutumika zamani. Klabu ya Brooklyn ilihamia Los Angeles baada ya msimu wa 1957, na uwanja wa Ebbets Field ukabomolewa mwaka 1960. Waliotia sahihi wote wamekufa. Ukiipeleka mahakamani leo, karatasi hiyo haimdai mtu chochote. Hata hivyo, mwaka 2013 kampuni moja ilinunua mikataba hii miwili, wa 1945 na wa 1947, kwa dola milioni 2. Baadaye mthamini mmoja alisema inastahili dola milioni 36. Na hapa nawaonya wanafunzi wa hesabu za biashara: thamani iliyotajwa na mthamini si sawa na fedha zilizowekwa mezani. Bei ni ile tu ambayo mnunuzi ameitoa.

Ni mambo gani basi yanayoipandisha bei karatasi ya namna hii? Nimeyapanga matano.

La kwanza ni mkono. Sahihi ni alama ya mkono wa mtu mwenyewe, siyo picha yake wala habari zake. Mkusanyaji hupenda kujua kwamba mtu anayemstahi aliishika karatasi hii hii na kuiinamia.

La pili ni tukio. Sahihi ya mchezaji juu ya kipande cha karatasi yaweza kupatikana hata kama alimwandikia mtoto mlangoni pa uwanja. Mkataba una neno zaidi, kwa sababu wenyewe ndio uliofanya jambo litokee. Bila ya sahihi ya tarehe 11 Aprili hakuna tarehe 15 Aprili. Angalia na Babe Ruth, mpigaji aliyesifika kuliko wote. Mkataba wake wa mwaka 1918 na Boston Red Sox uliuzwa mwaka 2014 kwa dola 1,020,000. Mwaka huo wa 1918 Boston walikuwa mabingwa, na hawakuwa mabingwa tena mpaka 2004. Tena iko hati ya tarehe 26 Desemba 1919, ambayo kwayo Boston walimwuza Ruth kwa New York Yankees kwa dola 100,000, zilipwe kwa mafungu manne ya dola 25,000. Nakala moja ya hati hiyo iliuzwa mnadani New York mwaka 2005 kwa dola 996,000. Karatasi iliyomwuza mtu iliuzwa yenyewe kwa karibu mara kumi ya bei ya mtu.

La tatu ni uchache. Hapa nitamtaja Joe Jackson wa South Carolina, mchezaji hodari wa mwanzo wa karne ya 20. Aliingizwa kazini katika kiwanda cha nguo angali mtoto, asipate shule, wala hakujua kusoma. Aliweza kuchora jina lake kwa taabu, na aghalabu mkewe ndiye aliyemwandikia. Kwa ajili hiyo sahihi za mkono wake ni adimu sana, na mwaka 2021 picha moja aliyoitia sahihi iliuzwa kwa dola milioni 1.47.

Nisiache kueleza upande wa pili wa habari hiyo, maana unatuhusu sisi tulio shuleni. Mwaka 1920 Jackson alitia sahihi mkataba wa miaka mitatu na klabu ya Chicago White Sox, dola 8,000 kwa mwaka. Fomu ilikuwa na sharti lililoiruhusu klabu kumwachisha kazi kwa ilani ya siku kumi. Jackson alisema baadaye kwamba karani mkuu wa klabu alimwambia sharti hilo limeondolewa, naye akatia sahihi bila ya mkewe kumsomea. Sharti lilikuwamo. Jackson alifungiwa asicheze tena, yeye na wenzake saba, kwa tuhuma za kupokea fedha ili washindwe katika mashindano ya 1919. Katika mwaka 1924 aliishtaki klabu akidai mishahara yake, na mkataba ule ukabishaniwa mahakamani. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa ushindi, lakini jaji akautengua kwa kusema kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Sitaki kuamua hapa nani alisema kweli. Nataka msomaji aone tu kwamba kutojua kusoma, ambako leo kunampa faida mkusanyaji, kulimwacha mwenye sahihi bila ya ulinzi siku ile aliposhika kalamu.

La nne ni hali ya karatasi yenyewe. Karatasi iliyokunjwa mara nyingi, iliyoliwa na mchwa, au iliyobandikwa kwa gundi hupungua bei. Jua hufifisha wino, na unyevu huleta ukungu. Mtu akijaribu kuikoza sahihi iliyofifia kwa wino mpya, huiharibu kabisa, maana mkono unaoonekana si wa mwenyewe tena.

La tano ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni njia ambayo karatasi imepita. Mnunuzi mwenye akili huuliza: ilitoka ofisi gani, ikaenda kwa nani, mwaka gani, na ni nani anayeshuhudia? Mlolongo huo ukikatika mahali, shaka huingia. Shaka hiyo si ya bure. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wapelelezi wa serikali ya Marekani waliwakamata watu wengi waliokuwa wakighushi sahihi za wachezaji na kuziuza nchi nzima. Kazi yao ilikuwa imevuka mpaka wa aibu hata pakapatikana mpira wa besiboli wenye sahihi ya bandia ya Mama Teresa wa Calcutta, mtawa ambaye kazi yake ilikuwa kuwahudumia maskini, si kupiga mpira!

Wachunguzi nao wana njia zao. Kalamu zenye kipira kidogo kwenye ncha, tunazoziita peni au biki, zilianza kuuzwa madukani New York tarehe 29 Oktoba 1945. Kwa hiyo ukiletewa mkataba wa 1918 uliotiwa sahihi kwa peni, huna haja ya kuita mtaalamu. Karatasi nazo hujisema. Nyingi zilizotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili zimetiwa dawa ya kuongeza weupe, na dawa hiyo hung'aa chini ya taa ya miale ya urujuanimno. Karatasi inayong'aa hivyo haiwezi kuwa ya 1918. Kisha mchunguzi hulinganisha sahihi na nyingine zisizo na shaka za miaka ile ile, kwa kuwa mkono wa mtu hubadilika kadiri anavyozeeka. Mwenye kughushi mara nyingi huandika polepole, akinakili umbo la herufi, na mistari yake hutetemeka mahali ambapo mwenyewe alipita kwa haraka ya mazoea.

Baada ya kueleza haya, naona msomaji anataka kuuliza swali la haki: fedha zote hizi humfikia nani? Aghalabu hazimfikii mchezaji wala watoto wake. Humfikia aliyeishika karatasi siku ya mnada. Wengine wamezitumia vizuri. Aliyeiuza ile hati ya Ruth mwaka 2005 alikuwa ameinunua mwaka 1993 kwa dola 99,000, akatangaza kwamba fedha za mnada zitakwenda katika kupambana na njaa. Lakini wengine hufika mahakamani. Mikataba ya Robinson niliyoitaja imeingia katika mabishano ya umiliki. Mabishano ya namna hiyo kwa kawaida huanzia katika swali moja tu, yaani karatasi ilitokaje mikononi mwa mwenyewe wa kwanza.

Tena kuna karatasi ambazo si za kuuzwa kabisa. Joe Jackson alikuwa ameacha wosia wenye sahihi yake, uliohifadhiwa katika ofisi ya mahakama ya Greenville, South Carolina. Mkewe naye alipofariki, mali yake iliachiwa vyama viwili vya hisani, kimoja cha kupambana na maradhi ya moyo na kingine cha kansa. Vyama hivyo vilidai wosia wa Jackson ili viuuze, vikasema fedha zake zitasaidia wagonjwa. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya jimbo ilikataa. Ilisema wosia uliowekwa mahakamani ni kumbukumbu ya umma, na yapasa ubaki mahali pake. Mimi nakubaliana na hukumu hiyo. Sababu ya vyama vile ilikuwa njema, lakini kumbukumbu za umma zikianza kuuzwa kwa sababu njema, kesho zitauzwa kwa sababu yoyote.

Liko na jambo ambalo bei haisemi. Niliomba msomaji alikumbuke lile sharti la kumfunga mchezaji. Mkataba uliomfungulia Robinson mlango ulikuwa nalo, kama mikataba ya wenzake wote. Mwezi wa Desemba 1956, baada ya miaka kumi ya kazi, Brooklyn walimbadilisha kwa mchezaji mwingine na fedha, aende New York Giants, wapinzani wao wakubwa. Yeye hakuulizwa. Alikuwa amekwisha kuamua kuacha mchezo, na hakwenda. Mwaka 1969 mchezaji mwingine mweusi, Curt Flood, alipouzwa namna hiyo hiyo alikataa, akafungua mashtaka. Mwaka 1970 Robinson, mzee kwa maradhi ingawa umri wake ulikuwa miaka 51, alikwenda mahakamani kumtolea Flood ushahidi dhidi ya sharti lile. Flood alishindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1975, mwamuzi wa migogoro ya kazi aliamua kwamba sharti lile humfunga mchezaji kwa mwaka mmoja tu, basi. Robinson hakuiona siku hiyo.

Kwa hiyo mwenye kuuweka mkataba ule katika fremu ya kioo ana vitu viwili ukutani kwake. Ana ushahidi wa mlango uliofunguliwa, na katika herufi ndogo za karatasi ile ile ana ushahidi wa kufuli. Anayesoma sahihi peke yake amesoma nusu.

Sahihi ya mkono huo imewahi kuifanyia kazi hata sehemu yetu ya dunia. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alikuwa akitafuta njia ya kuwapeleka vijana kusoma Marekani, kwa kuwa nafasi za vyuo hapa zilikuwa chache mno. Nafasi za masomo huko zilipatikana, nauli haikupatikana. Ndipo Jackie Robinson, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walipotia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Wengine wakafuata mwaka 1960. Tena mmoja wa wana wa Robinson alihamia Tanzania katika miaka ya 1980, akawa mkulima wa kahawa huko Mbozi. Sijui ipo nakala ngapi za barua ile ya mchango, lakini kazi yake twaijua, maana wengi katika vijana wale walirudi wakawa walimu, madaktari, na viongozi.

Nimalizie kwa maneno machache kwa kila kundi la wasomaji. Wanafunzi, hamtakawia kutoka hapa na kuwekewa mikataba mbele yenu, ya kazi, ya nyumba, ya mkopo, na pengine ya mpira. Soma mpaka mstari wa mwisho kabla ya kushika kalamu; neno usilolielewa uliza; ahadi uliyopewa kwa mdomo itake iandikwe; na usiondoke bila ya nakala yako. Wazazi, msichome barua na vyeti vya wazee wetu mnaposafisha masanduku. Andikeni kwa penseli nyuma ya kila picha majina ya waliomo na mwaka, maana baada ya miaka 30 hapana atakayewatambua. Vihifadhini pakavu, mbali na jua na mchwa.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Orodha za timu za shule hii, matokeo ya mashindano ya mkoa, na barua za wanafunzi wa zamani zimo katika makabati matatu tofauti, na nyingine hazina tarehe. Chama cha Historia kitaanza kuzipanga muhula ujao, kila siku ya Jumatano baada ya vipindi. Anayetaka kusaidia alete jina lake kwangu, na aje na mikono iliyonawa.

Mwalimu wa Historia